Nimeuruka Hapa

Wimbo wenyewe siutaji.
Nikiutaja utaanza, nao ukianza
sitaumaliza nikiwa nimeketi.
Tuseme tu ni wa harusi, wa zamani kidogo,
una fidla inayochelewa kumjibu mwimbaji,
na pale inapochelewa,
nimeuruka hapa.

Mara ya kwanza ilikuwa Makorora, kwenye singo ya Mwanakheri.
Ulimi ulipata ladha ya sarafu,
moyo ukakimbia kama ulioitwa jina,
nikalia machozi nisiyojua ni ya nani.
Mengine nimesimuliwa:
kwamba nilitafuna bila kula,
kwamba mkono wa kushoto ulikuwa unakunja kanga ya mtu,
unaikunja, unaikunjua,
kwamba kwa dakika mbili sikuwa wa kuitwa nikaitika.

"Ana wake huyo," akasema shangazi Mwanjaa,
na ushahidi alikuwa nao:
pepo gani asiye na ngoma yake?
Wakaniuliza anataka nini.
Marashi? Kilemba chekundu? Mbuzi wa rangi gani?
Asali na halua nimekatazwa
tangu nina miaka kumi na tisa, kwa sababu ya sukari.
Pepo wa kwangu angekula nini, maskini?

Pale Bombo, Dokta Kilua alinisikiliza
kalamu ikiwa bado na kifuniko chake.
Akauliza: hiyo sukari ilianza lini?
Nikashangaa. Nimeleta kichwa, yeye anauliza kongosho.
Akasema, mwili una askari wake,
na kuna askari huvunja mlango wa ndani
wakidhani ni wa nje.
Huenda ndio waliochoma kongosho lako.
Huenda ni haohao wamepanda juu,
wanagonga nyuma ya sikio, panapokaa nyimbo.
Huenda, alisema. Alilisema mara nne.
Fundi cherehani huhesabu.
Damu yangu ikapanda basi la alfajiri kwenda Dar,
ndani ya boksi la barafu.
Hii ni wiki ya sita.

Hao askari siwezi kuwachukia.
Baba mkwe alilinda ghala la katani kule Ngomeni.
Usiku mmoja akasikia hatua, akapiga rungu,
kumbe ni mwanawe, kamletea uji.
Mhina ana kovu utosini mpaka leo,
nalipapasa anapolala.
Mzee alipiga kwa uaminifu wake wote.

Barabara ya Kumi na Nne nashona magauni ya maharusi,
pamba masikioni.
Cherehani hainidhuru.
Baiskeli ya aiskrimu na kijiwimbo chake haiwezi kitu kwangu.
Adhana, honi ya treni, watoto wa madrasa
wakikosea herufi ileile kwa pamoja,
vyote ni salama.
Ni ule tu. Na katika ule, ni pale tu.
Na si lazima upigwe: hata nikiuwaza vizuri mno,
hata nikiukumbuka kwa mapenzi,
nimeuruka tena.

Jumamosi gauni langu lilikwenda harusini, mimi nikabaki.
Mhina alirudi saa saba usiku na pilau kwenye kontena.
Wameupiga?
Wameupiga.
Ukacheza?
Akainama kuvua viatu. Vumbi likajibu.

Nionyeshe, nikamwambia. Miguu tu.
Akasita. Akanitazama kama unavyotazama
jiko la mafuta linalonuka.
Kisha akapanda mkekani na soksi zake,
mdomo kaubana, mikono kaifunga nyuma,
akacheza kimya kizima cha wimbo ule,
nami nikihesabu mishono kwa sauti kubwa,
moja, mbili, tatu,
pasipatikane upenyo wa fidla kuingia.

Ikafika pale.
Mguu wake ukapanda, ukabaki juu.

Saba, nikasema.
Nane.

Tisa.